Dereva wa "lokali" na logi: msamaha wa maili 150 unakulinda siku ipi, na siku ipi haukulindi

"Habari kaka. Mimi ni dereva wa lori hapa Columbus, Ohio. Nina CDL (leseni ya malori makubwa ya biashara). Lori langu ni la kazi za mchana, halina kitanda wala ELD (kifaa cha kielektroniki cha kurekodi masaa). Nasambaza samani madukani na kila siku narudi yadi, nalala kwangu. Naingia kazini saa 10 alfajiri, mara nyingi natoka saa 11 jioni, lakini kuna siku naegesha saa 1 au saa 2 usiku. Mara mbili kwa wiki napelekwa Plainfield, Indiana. Bosi alituambia sisi ni lokali, logi hazituhusu. Mwezi uliopita askari alinisimamisha nikiwa nashusha mzigo Plainfield, akaomba logi, nikamwambia mimi ni lokali. Alinizuia masaa 10 na kunipa karatasi ya makosa. Bosi anasema askari hajui sheria. Karatasi za muda anajaza dispatcha (mpanga safari), mimi sijawahi kuziona. Jumamosi nafanya kazi ghala moja ili nipate cha kutuma nyumbani. Je, ni kweli sihitaji logi? Na je, kazi ya ghala ina shida?"

Pole sana ndugu yangu. Masaa 10 kando ya lori lisilo na kitanda, halafu unarudi kumkuta bosi anakwambia mwenye makosa ni askari! Nimesoma swali lako zaidi ya mara moja, kwa sababu ndani yake mna hali ninayoiona kila wiki kwa madereva wetu: mtu ameambiwa neno moja la mdomo, akalitegemea, na siku ya siku likamwangusha.

Nianze na jibu lenyewe ili usisubiri. Bosi wako amesema nusu ya ukweli. Upo msamaha wa kutoandika logi (kumbukumbu ya kila siku ya masaa yako ya kazi na ya usukani) kwa dereva wa safari fupi, na siku nyingi za wiki yako unakufaa. Lakini siku ya Plainfield hukuwa ndani yake, na askari hakukosea. Kuhusu ghala, ndiyo, lina uzito kwenye hesabu ya masaa yako, na huenda hilo ndilo jambo zito kuliko yote uliyoniandikia.

Saa ninazotaja hapa ni za kwetu, kama ulivyoziandika wewe. Ukijaza karatasi yoyote ya Kimarekani, andika kwa saa zao: saa 10 alfajiri yako kwao ni 4. Nimeshakutana na karatasi ambayo dereva aliandika 10 akimaanisha alfajiri, na mkaguzi akaona mtu aliyeanza kazi asubuhi lakini ana risiti ya mafuta ya masaa matatu kabla. Hakuwa amedanganya, ila kujitetea kulimchukua muda mrefu.

Sasa tuje kwenye neno "lokali". Kwenye kanuni za serikali kuu zinazosimamiwa na FMCSA, idara ya usalama wa malori, neno hilo halikupi haki yoyote. Kanuni ya masaa ya kazi, sehemu ya 395, haiulizi kama wewe ni lokali. Inauliza mambo yanayopimika. Je, leo umebaki ndani ya duara la maili 150 za angani kutoka mahali unaporipoti kazini? Je, umerudi mahali pale pale na kuachiwa kazi ndani ya masaa 14 mfululizo? Je, kabla ya kuanza ulipumzika masaa 10 mfululizo? Na je, kampuni inaweka kumbukumbu sahihi ya muda wako? Yakitimia yote, siku hiyo huhitaji logi. Likikosekana moja, siku hiyo unahitaji.

Maili za angani ndizo zinazowachanganya wengi. Hizi ni maili za wanamaji na marubani, ndefu kuliko maili za barabarani. Maili 150 za angani ni sawa na maili 172.6 za kawaida, yaani karibu kilomita 278. Tena hupimwi kwa geji ya lori. Unachukua ramani, unachomeka sindano kwenye yadi yako, unachora duara. Ndani ya duara unaweza kuzunguka utakavyo, ukavuka mpaka wa jimbo, ukarudia mtaa ule ule mara nne, geji ikasoma maili 300, na bado uko ndani.

Chukua Columbus yenyewe. Kwenda Pittsburgh barabara ni kama maili 185, na madereva wengi wanadhani wameshatoka. Hawajatoka, kwa kuwa mstari ulionyooka ni kama maili 162. Detroit ni zaidi ya maili 200 kwa barabara, lakini kwa kunyoosha ni karibu 164, kwa hiyo iko ndani. Ukielekea magharibi kwa I-70, katikati ya jiji la Indianapolis ni kama maili 168 kutoka katikati ya Columbus, umeponea chupuchupu. Ila Plainfield iko upande wa pili wa Indianapolis, ng'ambo ya uwanja wa ndege, kule kwenye maghala makubwa. Mstari wake unafika kama maili 180. Umetoka nje ya duara. Dakika chache za barabara baada ya Indianapolis zimekuhamisha kutoka kwa dereva asiyehitaji logi hadi dereva anayeihitaji, na hakuna bango barabarani linalokuonyesha mstari ulipo. Ndiyo maana nasema pima kutoka kwenye anwani halisi ya yadi yenu, si kutoka katikati ya mji, maana yadi ikiwa mashariki ya Columbus hata Indianapolis yenyewe inaweza kutoka.

Jambo la pili ni yale masaa 14. Hayaanzi ukiwasha injini. Yanaanza ukianza kazi yoyote: kukagua matairi, kuchukua karatasi za mzigo, kumsaidia mwenzako kupakia. Yakishaanza hayasimami, hata ukila, hata ukisinzia nusu saa ukisubiri mlango wa kushushia ufunguliwe. Wewe unaingia saa 10 alfajiri, kwa hiyo mwisho wako ni saa 12 jioni, umeshaegesha yadi na umeshaachiwa. Ukiegesha saa 1 usiku, umepita kwa saa nzima. Siku hiyo ulihitaji logi hata kama hukutoka nje ya Columbus. Na kuna hatari kubwa kuliko logi: kwa dereva wa CDL kuendesha baada ya saa ya 14 ni kosa lenyewe, na kuandika logi hakulifuti, ila ukiwa umeingia kwenye ruhusa nitakayoitaja mbele.

Nataka tulielewe hili vizuri, kwa sababu ndipo wengi wanapoteleza. Msamaha huu ni wa karatasi, si wa masaa. Unakuondolea logi, unakuondolea ELD, na unakuondolea sharti la kusimama dakika 30 baada ya kuendesha masaa 8. Basi. Masaa 11 ya usukani yako pale pale. Masaa 14 yako pale pale. Jumla ya wiki iko pale pale. Kukagua lori kabla ya kutoka, kadi ya daktari, vipimo vya dawa za kulevya, vyote viko pale pale. Dereva akiniambia "mimi nimesamehewa masaa", huwa namuuliza nani kamwambia, na karibu kila mara jibu ni dispatcha.

Sababu ya msamaha kuwepo inaeleweka. Logi ilibuniwa kumfuatilia mtu anayelala barabarani, ambaye hakuna anayemwona akianza wala akimaliza. Anayerudi yadi ile ile kila jioni ana mashahidi: lango, saa ya kuingilia, msimamizi wake. Sheria ikasema, kama yadi inaandika alipoingia na alipotoka, hatuna haja ya kumsumbua kuchora mistari siku nzima. Ukiielewa sababu hiyo utaelewa pia kwa nini msamaha unakatika siku ile usipoonekana yadini kwa wakati, au unapokwenda mbali.

Lakini unakatika kwa siku hiyo tu. Hapa nina habari njema kwako. Ukitoka nje ya masharti Jumanne, logi ni ya Jumanne. Hulazimiki kutengeneza logi za siku 7 zilizopita ambazo ulikuwa ndani ya msamaha, wala kuendelea kuandika siku 7 zijazo. Ila logi ya Jumanne lazima iwe ya siku nzima, tangu ulipoingia, hata kama uligundua saa 9 alasiri kwamba utachelewa. Unasimama mahali salama, unarudi nyuma kwa kumbukumbu yako, unajaza: saa fulani niliripoti, saa fulani niliendesha, saa fulani nilikuwa nashusha. Wamelitaka hivyo ili mtu asije akaendesha masaa 8 bila karatasi, halafu akafungua logi mpya na kudai masaa mengine 11. Na kama umeshapitisha masaa 8 ya usukani bila kusimama dakika 30, andika pembeni kwamba ulikuwa kwenye safari fupi na hukutarajia kuchelewa, halafu chukua mapumziko yako mara ya kwanza unapopata nafasi salama.

Plainfield lakini si ajali. Unajua tangu alfajiri kwamba unakwenda Plainfield. Siku kama hiyo logi inaanza ulipotia mguu yadini, na dakika 30 ni lazima zipangwe kama utapitisha masaa 8 ya usukani.

Je, logi hiyo inaweza kuwa ya karatasi? Inaweza, lakini kwa kipimo. ELD imekuwa lazima tangu Desemba 18, 2017, ila dereva anayehitaji logi si zaidi ya siku 8 katika kipindi chochote cha siku 30 anaruhusiwa kutumia karatasi. Hesabu yako haipendezi. Plainfield mara mbili kwa wiki ni siku 8 au 9 kwa mwezi peke yake. Ongeza zile siku unazoegesha saa 1 au saa 2 usiku. Umepita 8. Siku ya tisa ndani ya siku 30 karatasi haikusaidii tena, unahitaji ELD, na ni kazi ya kampuni kuileta, siyo wewe kuinunua kimya kimya kwa mshahara wako. Dirisha la siku 30 linatembea kila siku, halianzi upya tarehe mosi. Wengi hudanganyika hapo: "mwezi mpya, nimerudi sifuri." Hujarudi.

Kwa nini bosi anaamini anavyoamini? Sidhani kila bosi ni mwongo. Hadi Septemba 2020 duara lilikuwa maili 100 za angani na muda ulikuwa masaa 12. Tarehe 29 Septemba 2020 vikapanuliwa hadi 150 na 14, na watu wengi walisikia habari kwamba "sasa wamelegeza" bila kusoma mengine. Wengine wamechanganya na msamaha wa mazao ya shamba, ambao nao una maili 150 za angani, lakini wenyewe unaondoa masaa kabisa ndani ya eneo hilo, kwa anayebeba mahindi, mifugo na vitu vya namna hiyo kutoka vinakotoka. Sofa si mahindi. Na wapo waliowahi kuendesha malori madogo yasiyohitaji CDL, ambayo yana kanuni yake pembeni: duara ni lile lile, kurudi yadi ni lazima, lakini mtu anaweza kuendesha hadi saa ya 14 siku 5 na hadi saa ya 16 siku 2 katika siku 7. Bosi aliyekulia kwenye malori hayo akikwambia "kuchelewa mara mbili kwa wiki hakuna shida" anakupa kanuni ya lori lisilo lako.

Sasa hizo karatasi za muda usizoziona. Kisheria ni mzigo wa kampuni: saa uliyoripoti, jumla ya masaa ya kazi, saa uliyoachiwa, kila siku, jina lako na tarehe, na zitunzwe miezi 6. Huhitaji kuwa nazo ndani ya lori. Lakini sharti ni kwamba ziwe sahihi, na hapo ndipo nina wasiwasi. Dispatcha akiandika uliachiwa saa 11 jioni siku uliyoegesha saa 2 usiku, karatasi ile haikulindi, inakuangusha. Ikitokea ajali, jambo la kwanza wakili wa upande wa pili ataomba ni karatasi hizo, ataziweka kando ya GPS ya lori na risiti za mafuta, na jina litakalosomwa ni la aliyekuwa nyuma ya usukani. Omba kuziona. Ni ombi la kawaida, useme tu, "Naomba nithibitishe masaa yangu ya wiki." Na kuanzia leo, daftari dogo mfukoni: nimeingia, nimetoka, nimekwenda wapi. Barabara za kwetu dereva ana utingo anayeweza kusema "siku ile tulifika usiku." Huku uko peke yako, shahidi wako ni daftari.

Nije kwenye ghala, na naomba unisikilize kwa makini. Kanuni inahesabu kazi yoyote ya malipo, hata kwa mwajiri asiye na lori hata moja, kuwa muda wa kazi. Jumamosi yako ghalani inaingia kwenye jumla ya wiki. Kampuni isiyotembeza malori kila siku ya juma inapimwa masaa 60 katika siku 7. Inayotembeza siku zote 7 inaweza kutumia 70 katika siku 8. Ukifikia jumla hiyo, huruhusiwi kuendesha lori, ingawa kazi nyingine zisizo za usukani unaweza kuzifanya.

Tuhesabu pamoja. Saa 10 alfajiri hadi saa 11 jioni ni masaa 13. Mara 5 ni 65. Kama yadi yenu hufungwa Jumapili, kikomo chako ni 60, maana yake Ijumaa ukishafanya masaa 8 hutakiwi kugusa usukani, hata kabla hatujataja ghala. Kama unapata muda wa chakula ulioachiwa huru kabisa, unaweza kutolewa kwenye jumla ya wiki, lakini hautolewi kwenye yale 14. Kinachokuokoa kila wiki ni mapumziko ya masaa 34 mfululizo, ambayo yanarudisha hesabu sifuri. Ukitoka ghalani Jumamosi saa 10 jioni na kuanza lori Jumatatu saa 10 alfajiri, umepumzika masaa 36, hesabu imefutika. Ukitoka ghalani saa 12 jioni, umepata 34 kamili. Wakikuongezea muda hadi saa 1 usiku, umepata 33, na hesabu haikufutika. Jumatatu unaamka na masaa ya wiki iliyopita mgongoni na kumbe hujui. Saa moja ya ziada ghalani inaweza kukugharimu wiki nzima ya lori.

Sikwambii uache ghala. Najua pesa ile inakwenda wapi na nani anaisubiri. Nakwambia mpaka wako wa Jumamosi ni saa 12 jioni, na kampuni ya lori ijue kwamba una kazi nyingine, kwa sababu haiwezi kuhesabu vizuri isichokijua.

Kuhusu askari, kuna jambo moja la lugha. Sharti la dereva wa CDL kuweza kuzungumza na kusoma Kiingereza cha kutosha ni la zamani, lakini tangu Juni 25, 2025 kushindwa kulitimiza barabarani ni sababu ya kuzuiwa kuendelea na safari. "I'm local" haimwambii askari kitu. Yeye anasubiri kusikia short-haul (safari fupi), jina la yadi yako, saa uliyoanza, na saa utakayorudi. Jizoeze kuyasema hayo kwa utulivu kabla hujasimamishwa. Na siku ambayo msamaha haukuhusu, usiutaje. Toa logi.

Unafanyaje sasa? Njia ya kwanza, ambayo mimi ningeijaribu mapema, ni kumwomba bosi ampe Plainfield dereva mwenye ELD, na wewe ubaki na Cincinnati, Cleveland, Toledo, Dayton, ambako uko ndani ya duara. Faida yake ni kwamba haimgharimu bosi chochote ila kupanga upya. Ubaya wake ni kwamba haitibu zile siku za saa 2 usiku.

Njia ya pili ni lori lako liwekewe ELD. Madereva wengi wanaiogopa, na sababu yao ninaielewa: ukianza kazi saa 10 alfajiri na mteja akakuweka masaa matatu mlangoni, kifaa hakina huruma. Lakini kwa hali yako naipendelea. Itakapoonyesha saa ya 14 inakaribia, huna haja ya kubishana na dispatcha, unampigia na kumwambia kifaa kinasema nini. Siku unazobaki ndani ya msamaha, kampuni inaweza kukuweka kama dereva aliyesamehewa, usiandamwe bure.

Kuna na ruhusa ya masaa 16 niliyoigusia. Kama zamu zako 5 zilizotangulia zote ulirudi na kuachiwa pale pale ulipoanzia, unaweza kuachiwa ndani ya masaa 16 badala ya 14, mara moja, kisha unasubiri hadi zipite siku 6 au upate yale mapumziko ya 34. Masaa 11 ya usukani hayaongezeki, na siku hiyo logi ni lazima. Ukianza saa 10 alfajiri, mwisho unakuwa saa 2 usiku. Itumie kwa siku mbaya. Ukiifanya kuwa ratiba, mara ya pili ndani ya wiki hiyo hiyo utakuwa umevunja sheria.

Na bosi akikataa yote? Akikwambia "nenda Plainfield bila logi au kazi hakuna"? Hapo si mazungumzo ya ratiba tena. Sheria inamkataza kumlazimisha dereva avunje kanuni za usalama. Mwambie, ikiwezekana kwa ujumbe wa simu ili maneno yabaki, kwamba huwezi kwenda kwa sababu utavunja kanuni fulani. Malalamiko ya kulazimishwa yanapelekwa FMCSA ndani ya siku 90. Akikufukuza au kukukata masaa kwa sababu ulikataa, malalamiko ya kulipiziwa yanapelekwa OSHA, idara ya usalama kazini, ndani ya siku 180, na wanayapokea kwa lugha yoyote, hata Kiswahili. Usiache siku zipite ukitumaini mambo yatatulia, maana tarehe hizo hazisubiri.

Hiyo karatasi uliyopewa Indiana isome leo, na kama Kiingereza chake ni kigumu, mpe mtu aisome na wewe sentensi kwa sentensi. Unatafuta kama ni ripoti ya ukaguzi peke yake, au ina faini au tarehe ya mahakama. Ripoti ya ukaguzi inabaki kwenye rekodi yako ambayo waajiri wanaiona kwa miaka 3. Kama kuna maelezo ndani yake yasiyo kweli, mfano mahali au saa, yanaweza kupingwa kupitia DataQs, mfumo wa FMCSA wa kuomba rekodi irekebishwe. Ila kwa uliyonieleza kosa lenyewe lilikuwepo, sitakupa matumaini ya uongo. Kama kuna faini au mahakama, usilipe kabla hujakaa na wakili anayeshughulikia kesi za madereva wa CDL, maana kulipa kunaweza kuhesabiwa kuwa umekiri, na kwa mtu ambaye karatasi zake za uhamiaji bado ziko njiani, wakili anapaswa kulijua hilo pia. Hapo maandishi yangu hayatoshi. Nenda ofisini, ukae kitini, uulize.

Nina swali moja ambalo sikupata jibu lake kwenye ujumbe wako: yadi yenu hufanya kazi Jumapili? Muulize dispatcha kesho asubuhi, kabla ya kitu kingine chochote. Jibu lake ndilo litakaloamua kama kikomo chako ni 60 au 70, na kama Ijumaa hii unaruhusiwa kumaliza zamu yako.